Nyani Kumi na Mmoja

Katika banda letu la wachongaji, karibu na soko la Gikomba, Nairobi, kazi iliyokamilika iliwekwa juu ya mkeka ili ipakwe rangi ya viatu. Ikishafika hapo, yeyote angeweza kuiokota, kuigeuza na kuiiga. Mimi mwenyewe nilijifunza kuchonga twiga kwa kuiga wa mjomba wangu, kwa hiyo sikuwa na mdomo wa kulalamika. Tena nilikuwa mtu wa haya.

Mwaka wa tatu nikabuni wangu: nyani anayemtoa mwanawe chawa. Mkono wangu ni mzito. Alinichukua wiki tatu. Nilimweka mkekani Jumatatu. Ijumaa mnunuzi alipokuja, palikuwa na nyani kumi na mmoja. Akachagua wa wenzangu, kisha akamgeuzageuza wangu.

"Kijana, unaiga vizuri, ila umechelewa."

Banda zima likacheka. Nami nikacheka, macho chini.

Wa pili, kiboko anayepiga miayo, nilimchongea chumbani kwetu Kayole, nikamficha chini ya kitanda. Gogo lilikuwa bichi, na pale hapakuwa na maranda ya kulifukia likauke taratibu. Palikuwa na joto la jiko tu. Akapasuka kutoka mdomoni hadi tumboni. Jirani yangu wa bandani, aliyemwiga nyani wangu kwa siku mbili, alimtazama nilipompeleka bandani, akatikisa kichwa.

"Si ungemleta hapa mapema, buda? Tungekwambia ni mbichi."

"Mngemwiga."

"Ndiyo. Na tungekwambia."

Nikarudi kwa twiga, miezi mingi. Sikuwa na hasira, nilichoka tu. Sikutaka kiboko awe wangu maisha yote. Nilitaka mnunuzi amwone wangu kwanza, basi. Nilikaa siku nyingi kabla ya kumwambia jirani hivyo.

"Hiyo tu?" Akanionyesha lundo lake la maranda. "Fukia hapa. Hakuna atakayemgusa mpaka mnunuzi aje. Akishaondoka, mimi naiga."

Ngiri wangu, aliyepiga magoti akila nyasi, alilala humo mpaka Ijumaa moja. Mnunuzi akamwinua, akauliza ni wa nani. Niliinua mkono, naye akanilipa.

Ijumaa iliyofuata ngiri walikuwa tisa, na wa jirani alikuwa na meno mazuri kuliko wangu. Iliniuma. Nikavuta gogo jingine. Halikuwa la twiga.