Ahadi Niliyoiona Ikifutwa

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji, Edmonton, kaskazini mwa London, msimamizi wa zamu alinipa ufagio akaniuliza kama najua kusoma. Nilikuwa kijana mwenye haya, nimeishia darasa la saba. Nikamjibu kwamba nasoma, ila polepole.

"Wa polepole ndio ninaowataka," akasema.

Akanipeleka chumba cha prufu, yaani karatasi za majaribio zinazokaguliwa kabla mtambo haujawashwa. Mkuu wa chumba, mzee wa Kitaliano, alisoma kwa sauti, nami nikafuatisha kwa kidole. Msimu wa uchaguzi zilikuja manifesto za vyama, ambazo sisi huziita ilani. Alinieleza kuwa Waingereza walilichukua neno manifesto kutoka kwao, Italia. Kwanza lilikuwa tangazo la mtawala kueleza sababu za kuingia vitani. Vyama vikaja kulitumia kwa ahadi zao.

"Kwetu manifesto ni karatasi ya ukutani pia," alisema. "Mtu akifa tunaibandika, mtaa ujue. Hiyo haidanganyi."

Alinifunza sharti moja: maneno ya prufu hayatoki chumbani. Alipostaafu, nikarithi kiti chake.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ulikuwa wa uchaguzi wa halmashauri. Chama kimoja kikaleta manifesto yake, na ukurasa wa nne uliahidi kuwa kituo cha wazee hakitafungwa. Mke wangu, Mama Saidi, alikuwa akienda pale tangu apate kiharusi. Ndiko alikojifunza upya kutembea, na ndiko alikopata mashoga wa kuzungumza nao Kiswahili. Walikuwa wakikusanya sahihi kupinga kufungwa kwake. Nilivunja sharti, nikamwambia. Akawaambia wenzake waache kujisumbua, mume wake ameiona ahadi kwa macho yake.

Siku tatu baadaye ilikuja prufu ya pili. Mstari ule ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu. Nikamuuliza msimamizi kama si makosa.

"Mteja ndiye mwenye maneno," akasema. "Weka saini."

Nikaweka. Nyumbani sikusema kitu. Kila jioni nilijiambia nitasema kesho, na sahihi hazikukusanywa tena.

Kituo kilifungwa. Sasa nimestaafu, na Mama Saidi haendi popote. Miguu imerudi kuwa mizito. Wale mashoga hawampigii simu. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mngependa niwaachie la kuwafaa, lakini sina.

Juzi aliniambia, "Baba Saidi, nitafutie ule ukurasa. Nataka wajue sikuwadanganya."

Nikamwambia nautafuta.