Mkono Tulioungoja Uvimbe

Nilizaa mabinti watupu, wote wakaolewa. Mume wangu alipokufa, watu walidhani nyumba yangu imezimika. Nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe nikaoa mwanamke, kama desturi yetu Wakurya inavyoruhusu, azae watoto wa nyumba yangu. Kanizalia wajukuu watatu. Mkubwa anaongoza darasani; ukinikuta kisimani nitakuambia hata usipouliza.

Huyo mama yao, ambaye namwita mwanangu, ndiye aliyeanza kuugua. Vidonda mdomoni, vidonda kule chini, vikipona vinarudi. Kisha macho yakawa mekundu kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi, na la kushoto likaanza kuingia ukungu. Alipimwa ukimwi, alipimwa kaswende, hana. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, hakutaka kusikia.

"Umeoa malaya," aliniambia mbele ya watu. "Mrudishe kwao, ng'ombe wetu warudi."

"Wetu? Wewe ulichangia hata mkia?"

Watu walicheka, lakini wazee wa ukoo wakaitisha kikao cha kuamua kama arudishwe.

Wiki hiyo hiyo madaktari bingwa walikuja wilayani. Tulitoka kijijini kwetu Machochwe alfajiri. Daktari, kijana wa mkoa mwingine, akanipa shikamoo, akamkagua mwanangu mdomo na macho, kisha akamchoma mkononi kwa sindano tupu, isiyo na dawa.

"Bibi, kuna ugonjwa ambao mwili unajishambulia wenyewe. Hauambukizi, wala si wa zinaa. Pakivimba hapa baada ya siku mbili, nitauamini zaidi. Pasipovimba, bado siwezi kuukataa."

Mimi nilishika neno moja tu: pavimbe. Nikawa naukagua ule mkono kama mtu anayekagua mawingu mahindi yakiungua shambani. Ngozi laini. Kesho yake jioni, bado laini. Nilimwomba Mungu amvimbishe mtoto wangu. Sala gani hiyo, lakini niliisali.

Asubuhi ya kurudi hospitali akanionyesha mkono: pamevimba, pana malengelenge. Nikapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Daktari aliushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Dada, umepaka nini hapa?"

Mwanangu akauvuta mkono wake.

"Utomvu wa mnyaa," akasema. "Ule wa uani, unaobabua ngozi. Niliona hapavimbi, na kikao ni kesho."

Daktari hakumgombeza. Alisema pale pameharibika, hawezi kusoma kitu, na wao wanaondoka siku hiyo hiyo. Akatupa matone ya macho na dawa za kuanzia, akatuandikia twende Mwanza upesi. "Jicho halingoji kikao, bibi."

Tulimkuta shemeji amekaa mlangoni kwangu.

"Majibu yamesemaje?"

Ningeweza kumwonyesha ule uvimbe na angeamini. Mwanangu alikuwa ameshauficha mkono ndani ya khanga.

"Yamesema huyu haondoki."

"Basi utaoza naye."

"Nitaozea kwangu. Nipishe mlango."

Akaondoka akitukana. Ndani nilimmiminia mwanangu uji. Hakuupokea. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja, akaelekeza uso kwangu, akakaa hivyo.

"Mama," akasema, "huku sikuoni kabisa."