Gauni Jeusi Juu ya Maua

Pale Nuku'alofa, ukitaka kumzawadia mtu anayevuka kwenda kisiwa cha 'Eua Ijumaa na kurudi Jumatatu, unakwenda kwa 'Ofeina, fundi wa nguo. Anakupangia mkoba uliokamilika: gauni la maua la kupunga upepo, jeupe la kanisani, na mshipi wa kusuka wa kufunga kiunoni kwa heshima, maana huko nako Jumapili ipo na wenye macho wapo. Vyote vimekunjwa visihitaji pasi. Chini kabisa, gauni jeusi.

Hilo jeusi ndilo lililozua kasheshe.

Zamani 'Ofeina alikwenda kisiwa cha Vava'u kutembea tu, mama yake mkubwa aliyemlea akafariki ghafla huko huko. Mkobani mwake mlikuwa na nguo za njano na za buluu. Jirani akamwazima gauni jeusi la mtu mnene, na pale kaburini mikono yake yote miwili ikawa kazini kulishikilia lisidondoke, akakosa mkono wa kumkumbatia dada yake. Wanaosema zawadi lazima ichekeshe hawajafiwa ugenini.

Mikoba aliiuza kwenye rafu moja ya duka la hoteli, na rafu ile ndiyo iliyomwokoa asirudie kazi ya kubadilisha zipu za sare za shule. Msimamizi wa duka alikuwa Kalolaine, binti wa hapo hapo mjini aliyerudi kutoka Auckland. Ijumaa moja 'Ofeina akafungua mkoba mmoja, akakuta jeusi limetolewa, mahali pake pana chupa ya manukato.

"Shangazi, usinune," Kalolaine akasema. "Nani anampa mwenzake zawadi ya msiba?"

"Anayempenda."

"Wateja wanasema unawachuria."

"Kwani wafu wao wanasubiri Jumatatu?"

Kalolaine akajizuia kucheka. "Basi lishone ndani ya bitana ya mkoba, lisionekane. Ukikataa, rafu nampa mwingine."

'Ofeina alizifikiria zile zipu, na roho ikamuuma kweli. Lakini hasira ilimzidi. Alifiche kama mali ya wizi?

"Mama yako ana meusi mangapi kabatini, mwanangu?"

Kalolaine akaanza kuzipanga upya chupa za manukato.

"Nirudishie meusi yangu."

Akaibeba mikoba yote hadi gatini, akaipanga juu ya kreti mbele ya abiria. Safari hii jeusi alilitoa chini akaliweka juu ya maua, kila mpitaji alione. Wengi walipita wakiguna, mmoja akamuuliza kama majeneza nayo anauza. 'Ofeina akamjibu kwamba akitaka atamtafutia la saizi yake.

Mwanamke aliyekuwa akimsindikiza binti yake akasimama. Akalichukua lile jeusi, akalipima mabegani mwa binti.

"Mama, mimi naenda harusini," binti akalalamika.

"Najua," mama akasema huku akilipa. "Na bibi yako ana miaka tisini. Shika mkoba."