Nilivyomwita Mkamwana Mbele ya Mkwewe

Leo nimemtoa mzee wa watu kwenye kiti chake, nyumbani kwake.

Nilifika Njisi, kwa mzee huyo, kulinunulia mawese boma la Wadachi, hawa Wajerumani. Familia ile inakamua mafuta na kupika pombe ya ulezi, na mgeni lazima aonje kwanza.

Mafuta kwa ndizi ya kuchoma, pombe kwa mrija. Vyote vitamu, nami mtu wa pwani nikaropoka: "Aliyetengeneza aje nimshukuru."



Kumbe ni mkamwana wa mzee. Huku ni mwiko mkamwana na baba mkwe kuonana au kusemezana, na hawa wana miaka tisa hawajaonana. Dada huyo alikuwa nyuma ya ukuta wa mianzi, amesikia.

Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee akanyanyuka taratibu, akaenda kujificha yeye migombani. Dada akatoka, nikamshukuru.

Sauti ikatoka migombani: "Mgeni, mwambie mafuta yake yanashinda ya marehemu mama yangu."

Dada alisikia kila neno. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Mwambie baba, ndaga fijo. Asante sana."

Nikafikisha.

Sasa mvua imeanza. Dada bado amesimama analia, mzee analowa migombani, wala hajauliza kama anaweza kurudi.

Ninyi mngemharakisha dada arudi nyuma ya ukuta?