Kinoo cha Baba

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, safari ya mafunzo ya jiolojia ilipangwa Ngara na Biharamulo. Mimi ni mzaliwa wa Nyamiaga, hukohuko Ngara. Katika darasa zima nilikuwa mwenyeji peke yangu, na niliringa. Niliwaambia wenzangu hakuna kilima cha kwetu nisichokijua.

Mwenzangu wa kupima alikuwa msichana kutoka Tanga, aliyekuwa akiongoza darasani tangu mwaka wa kwanza. Kumwonea wivu nilikuwa nimeshazoea, ila nilidhani Ngara ingenipa wiki moja ya kupumua.

Siku ya pili, mwalimu alikubali basi lisimame nyumbani kwetu tunywe maji. Baba alikuwa uani akinoa panga.

"Shikamoo baba," yule msichana alisema, akachuchumaa karibu yake. "Kinoo hiki umekitoa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Huko juu, nyuma ya migomba. Kuna jiwe limekaa kama mikeka iliyopangwa."

Kinoo kile nilikiona kila siku ya utoto wangu. Sikuwahi kuuliza kilikotoka. Baba, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua, akaweka panga chini, akampandisha kilimani, na darasa zima likafuata nyuma. Mwamba tulioukuta ulikuwa mzuri kuliko yote tuliyoiona tangu tufike, tabaka juu ya tabaka, umelala upande mmoja. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Baba akanigeukia, akasema kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, huku akicheka, "Huyu ana macho."

Hakuniambia hivyo hata siku moja.

Tukaanza kupima. Yeye alishika dira na kusoma, mimi niliandika kwenye daftari lake, kama tulivyozoea. "Mwinamo wa tabaka, digrii thelathini na tano," alisema. Nikaandika hamsini na tatu. Nilijua kwamba nikiulizwa nitasema nilisikia vibaya.

Kesho yake tulihamia Biharamulo. Alasiri tulichora ramani kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Mwalimu aliinamia karatasi ya yule msichana muda mrefu.

"Hapa ulipima au ulibuni? Tabaka haziwezi kusimama hivi, zile za jirani zimelala."

Msichana aliliangalia daftari, akautazama mwandiko wangu. Kisha akasema, "Nimekosea, mwalimu."

Kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa aliyokuwa amepewa yeye nikapewa mimi. Nilisimama, nikaeleza vilima vya kwetu, nikapigiwa makofi. Nilitamani makofi yale miaka mitatu, na yalipokuja nilitaka yaishe haraka.

Baadaye nilimkuta sokoni akichagua maparachichi. Nikamwambia, "Ile namba niliiandika hivyo makusudi."

"Najua. Ninakumbuka nilichosoma."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako alinipandisha kilima na magoti yale. Nimshtaki mwanawe siku ya pili yake?" Akamlipa muuzaji, akaondoka bila kunisubiri.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu nikasema yote. Hakupiga kelele. Alichukua ramani ya yule msichana, akairekebisha kwa kalamu nyekundu, akamrudishia alama zake. Za kwangu akazifuta zote za safari ile, na nikalazimika kuirudia mwaka uliofuata na darasa la nyuma yangu.

Siku zilizobaki yule msichana alipima na mtu mwingine. Mimi nilibeba mfuko wa sampuli, nikamwona mbele yangu akigonga mawe kwa nyundo na kuita wenzake waje waone. Nilikuwa nimekiri, nimeadhibiwa, na bado nilimwonea wivu. Sasa sikuonea wivu akili zake tu. Niliona wivu kwa vile alivyoweza kunyamaza pale barazani, kwa ajili ya mzee aliyemfahamu saa moja tu, na ambaye ni baba yangu mimi.