Mashine Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Mwezi uliopita tulimzika huku kwetu Ipuli mama mmoja ambaye wengi wenu mmewahi kumsikia bila kumjua, maana sauti yake ndiyo iliyobeba kwaya ya Wamoraviani kwa miaka mingi. Alianguka jikoni akisonga ugali, na majirani walipofika alikuwa amekwisha kata roho. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikianza, huishia kufuta.

Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno, hata akawa anazimia. Madaktari wa Dar es Salaam wakampandikizia kifuani, chini ya ngozi, kile kifaa kidogo cha kuuhimiza moyo upige, ambacho sisi tulikiita betri. Alirudi na nafuu, ila akiimba pumzi ilimkatikia katikati ya ubeti. Alipoitwa kliniki nilifuatana naye. Mtaalamu alikisoma kifaa kwa mashine yake, akabadili mpangilio ili mapigo yaongezeke anapojitahidi. "Sasa imba, mama." Akaimba mle mle kliniki, wagonjwa wa koridoni wakapiga makofi. Kumbe kifaa kile hakipandikizwi kikaachwa. Lazima kipimwe mara kwa mara, ili betri ikipungua au waya ukilegea ijulikane mapema.

Safari za Dar zilimchosha. Mashine kama ile ilipoletwa katika hospitali moja ya huku kwetu, pamoja na mtaalamu wake, mama alinipigia simu akicheka. Kizunguzungu kilikuwa kimeanza kumrudia, kwa hiyo tulikwenda upesi.

"Shikamoo, mama," alisema ofisa wa mapokezi. "Mashine ipo, lakini haijazinduliwa. Mgeni rasmi ameahirisha."

"Marahaba, mwanangu. Na moyo wangu nao uahirishe?"

"Ni maelekezo kutoka juu, mama. Tuvumilie kidogo."

Nilichungulia dirishani nikaiona, imezungushiwa utepe kama keki ya harusi. Mtaalamu alikuwa nje, anaperuzi simu. Nilibishana mpaka nikaombwa nitoke. Tukapanga safari ya Dar, hakuiwahi.

Udongo wa kaburi haujakauka, mgeni rasmi akaja. Pilau likapikwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Na bila haya, wakaiomba kwaya yake ikatumbuize! Mwalimu wa kwaya akawajibu, "Tumetoka kumzika mwimbaji wetu. Tafuteni ngoma nyingine." Hakuna mwanakwaya aliyekwenda.

Huenda betri iliisha, huenda waya ulichomoka, huenda ilikuwa siku yake tu. Hatujui, na hatutajua, kwa kuwa waliokuwa na uwezo wa kutazama waliona sherehe ina haraka kuliko mgonjwa. Tumezoea kuzindua: kisima, darasa, hata choo cha stendi. Lakini ukishaweka chombo ndani ya mwili wa mtu, umejifunga kukiangalia maisha yake yote. Anayeuahirisha wajibu huo kwa ajili ya picha asituletee rambirambi.