Chombo cha angani kisichopiga simu nyumbani

Mimi ndiye niliyeifanya televisheni ile iwe ya nyota. Kabla sijarudi Butembo na diploma yangu, tena diploma kamili, si karatasi ya semina, kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati huko Mususa, kikirusha kwaya na matangazo ya sabuni. Mwenye kituo, ambaye ndiye mwenye duka, aliniuliza nitaleta kitu gani ambacho wengine hawana. Nikamjibu: wakati ujao. Filamu za roboti, za sayari, za watu wanaosafiri kati ya nyota, na mimi mwenyewe kwenye maikrofoni nikizieleza kwa Kiswahili chetu. Alicheka, akanipa jioni moja ya kujaribu.

Siku za ville morte, mji mzima ukigoma, ndizo zilizotukuza. Maduka yamefungwa, pikipiki hazipiti, watu wamekaa ndani wakingoja kesho. Watatazama nini? Walitutazama sisi. Kadiri mji ulivyojifungia, ndivyo tulivyozidi kuenea. Jioni moja ikawa wiki nzima, kisha tukasimamisha antena nyingine Bungulu, ili Beni nao watuone. Simjui mwingine wa rika langu aliyefika hapo bila mjomba serikalini.

Filamu za watu zilipoanza kurudiwa, niliandika ya kwetu. Watu wachache wa hapa wamo ndani ya chombo cha angani, wanaelekea sayari nyingine, na safari ni ndefu kuliko umri wao. Tuliipigia picha ndani ya kontena tupu nyuma ya duka, kuta zimebandikwa redio mbovu na taa za pikipiki. Mlango tuliufunga ili kelele za barabara zisiingie, na joto lilikuwa kali hata waigizaji hawakuhitaji kuigiza uchovu. Kiongozi wa chombo, Komanda, alikuwa mama mmoja anayeuza vitenge na kufundisha Shule ya Jumapili. Sokoni watu walimpigia saluti.

Niliweka sheria moja, ya kisayansi: chombo kiko mbali mno, hakiwezi kuongea na dunia. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kwetu, mtu akitoka Butembo kwenda Beni hupiga simu njiani. Niko Maboya. Niko Kabasha. Nimefika. Asipopiga, nyumbani hakuna anayekula. Nililijua hilo kama kila mtu, lakini sikudhani watu wangelidai hata kwenye nyota.

Katika sehemu moja Komanda alizima redio ya chombo akasema hakuna tena anayetusikia. Asubuhi baada ya sehemu hiyo kurushwa, yule muuza vitenge alikuja akasimama nje ya kontena, hakuingia.

"Directeur, mama yangu amekatala. Anasema hata kwa muchezo, mutoto wake hapana kwenda mbali vile bila kupigia mama."

"Lakini sauti yenyewe itachukua miaka kufika!"

"Umwambie yeye. Weye uko na diploma, miye niko na mama."

Mwenye kituo hakutaka maelezo. Jumamosi kipindi kisipokuwepo, alisema, anarudisha kwaya, na hadithi yangu imekwisha. Mama wa Komanda alikaa Bungulu, kule Beni. Nikapanda pikipiki kwenda kumwomba ruhusa.

Alinipokea vizuri, akanipa wali na maharage. Jioni ileile ikaja habari kwamba watu wenye silaha wameshambulia njiani, na askari wamefunga barabara. Nikauliza ndege. Ile ndogo inayotua Rughenda, kwetu Butembo, ilikuwa imejaa wagonjwa na watu wenye majina makubwa kuliko langu. Basi mimi, niliyevuka mipaka na kusoma kwa nguvu zangu mwenyewe, nikabaki kwenye kiti cha mbao katika sebule yenye dirisha moja, nalo lilifungwa kabla jua halijazama. Nilitembea kutoka kiti hadi mlango, kutoka mlango hadi kiti.

"Kaa, mwana wangu," mama aliniambia. "Utamaliza sakafu yangu."

Nilimweleza mwendo wa mwanga. Niliweka chungwa mezani kuwa dunia, nikaenda na punje ya haragwe, ndiyo chombo, mpaka jikoni. Jirani yake, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, alisimama mlangoni kutazama.

"Nasikia," mama akasema. "Iko mbali. Mais donc, kama iko mbali, njo anapashwa kupiga sana."

"Hatapata jibu, mama. Jibu litafika yeye ameshazeeka."

"Nani anaomba jibu? Aseme tu iko fasi gani. Miye nitasikia siku nitasikia."

"Huyu alisomaka mpaka akasahau simu!" jirani akasema, akashika mlango kwa kucheka.

Sikushindwa. Niliamua. Niliandika maneno mapya, nikamsomea mama, naye akafuta yote yaliyohusu mwanga. Nikampigia Komanda, nikamsomea maneno hayo; kisha mama akaichukua simu, akamwambia binti yake: "Ingia mu ile chuma yako."

Jumamosi jioni sebule ilijaa. Kwenye skrini Komanda aliketi mbele ya redio iliyozimwa, jasho likimtiririka.

"Mama, ni miye. Hatuyafika. Tungali mu njia. Tumepita ile nyota ya mwisho yenye iko na jina. Batu bote bako bazima."

Hapakuwa na muziki. Mama alikunja mikono magotini. "Wasingya, aksanti, mwana wangu," alimjibu kwenye skrini. "Muende polepole." Jirani hakucheka. Alitoka nje barazani kupiga simu.

Mwenye kituo alinipigia. Watu walikuwa wanampigia kutoka kila mtaa wa Butembo. Niendelee, alisema, ila sasa kila aliyemo chomboni apigie kwao. Nilimwambia kwamba kisayansi si sahihi, na bado nasema hivyo. Akakata.

Kesho yake barabara ilikuwa bado imefungwa. Mama alifuta meza, akaweka chai, akaketi mbele yangu.

"Haya. Sasa yule wa mashini mu chombo. Mama yake iko wapi?"

Nikachukua kalamu.